Kabla Mashine Haijafungua Kaseti

Kijana mmoja wa Kamunyonge, katika Manispaa ya Musoma, amenionyesha mchoro wa mashine ya kubomoa kaseti ili plastiki yake irejelezwe. Mchoro ni mzuri. Swali langu ni la kihistoria: ndani ya kaseti hizo mna nini?

Kaseti tuliyoizoea ilizinduliwa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Kasha lake kwa kawaida ni polistirini; utepe ni poliesta iliyopakwa oksidi ya chuma. Utepe hupita kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde, hivyo kaseti ya dakika 60 hubeba takriban mita 86. Ukisaga vyote pamoja utapata mchanganyiko usio na mnunuzi, na mita hizo zitajisokota kwenye visu. Lazima mashine ifungue kwanza, isage baadaye. Mafundi redio wetu walilijua hilo zamani: skrubu tano ndogo, bisibisi, na kalamu ya Bic ya kurudishia utepe. Makasha yaliyogandishwa bila skrubu ndiyo yatakayomsumbua kijana wetu.

Mabenki yanapotupa kaseti za data, sumaku kali hutangulia kufuta kila kitu, kwa kuwa siri za wateja hazipaswi kufika jalalani. Je, nasi tufuate utaratibu huo? Sioni sababu.

Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1965, haikuwa na mshindani Tanzania Bara hadi sheria ya utangazaji ya 1993 ilipozifungulia mlango redio binafsi. Bendi zetu zilirekodi katika studio zake. Hotuba za Mwalimu, mwana wa Butiama, zilisikika humo. Mikanda mikubwa ilibaki maktaba ya redio. Mwananchi aliyetaka wimbo au hotuba nyumbani aliweza kujirekodia kutoka hewani. Kaseti hizo hizo zikarekodi pia visivyofika studio: harusi, misiba, litungu la Wakurya, hata barua za sauti kwa ndugu wa mbali. Nani mwingine alivihifadhi?

Nimemshauri kijana aanze na meza yenye redio-kaseti na kompyuta ya kunakilia sauti, ndipo bisibisi ifuate. Analalamika kwamba kaseti ya dakika 60 itakula saa nzima, ilhali mashine yake huifungua kwa sekunde chache. Ni kweli. Sasa tunabishana kama redio-kaseti ziwe nne au kumi.