Uziwi utokanao na kelele
Uziwi utokanao na kelele ni upungufu wa kusikia unaoletwa na sauti kali, kama ya mitambo ya kusaga saruji huko Athi River, Kaunti ya Machakos. Kelele huzilemea seli zenye vinyweleo ndani ya sikio, zikajaa kemikali haribifu za oksijeni. Zikifa, kwa binadamu hazioti tena. Mwaka 2009, Sharon Kujawa na Charles Liberman wa Marekani walionyesha kwa panya jambo zito zaidi: viungio vya seli hizo na neva hukatika hata usikivu unapopimwa na kuonekana umerudi. Hivyo matokeo mazuri ya kipimo pekee si ushahidi kwamba sikio ni zima. Ili kuwakinga wafanyakazi, kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini zinaweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8 za kazi.