Baraza la Akina Mama wa Hanang

Ndugu msikilizaji, wiki hii nakuomba tufuatane hadi Hanang. Ukitoka Katesh kuelekea Basotu, ukauacha nyuma mlima ule wenye urefu wa mita 3,417, unaingia kwenye tambarare ambazo tangu enzi za mababu zilikuwa malisho ya Wabarabaig, tawi la Wadatoga. Wengi wetu tumezoea kuwaita Wamang'ati. Jina hilo walipewa na Wamaasai, na maana yake ni adui. Leo basi tuwaite kwa jina lao.

Tunapozungumzia usawa katika ndoa, wapo wanaosema kuwa ni mambo ya wageni. Hebu tusikilize historia. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa mila kutoka Marekani, George Klima, aliishi na Wabarabaig, na mwaka 1964 akaandika juu ya baraza lao la wanawake, liitwalo girgwageda gademga. Mwanamume akivunja haki za wanawake, hasa zile zinazohusu uzazi, akina mama hukusanyika, husikiliza shauri na kutoa hukumu. Faini yake ni dume la ng'ombe. Mkaidi huogopa laana yao, na hapo ndipo utakapoona kwamba baraza hilo si mahakama tu. Ni mkusanyiko wa ibada pia, maana midomo inayohukumu ndiyo inayoimba nyimbo za sala.

Nguvu hiyo ilitoka wapi? Ilitoka zizini. Binti wa Kibarabaig aliolewa akiwa na ng'ombe aliopewa na baba yake na ndugu zake. Mwenye ng'ombe ana sauti, mume akiwepo asiwepo. Lakini ng'ombe hula majani, na majani huota kwenye ardhi.

Katika miaka ya 1970 Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, likisaidiwa na Kanada, lilianza kulima ngano katika tambarare hizo. Mashamba yakafikia saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gidagamowd, Gawal na Warret. Jumla yake ilikuwa kama ekari 100,000. Taifa lilihitaji mkate, hilo hatukatai. Lakini waliotoa malisho hawakuulizwa, na hata makaburi ya wazee wao, yale wanayoyaheshimu kama sisi tunavyoheshimu nyumba za ibada, mengine yalipitiwa na matrekta.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Arusha iliwapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile, na mojawapo ya sababu ni kwamba wadai hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya wakati ule. Fikiri, ndugu msikilizaji: mtu anasimama kwenye ardhi aliyozikwa babu yake, anaambiwa athibitishe uenyeji!

Wengine waliswaga mifugo yao kuelekea kusini, wakafika hadi Usangu. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa huko kwa sababu ya kulinda vyanzo vya maji, na wengi wakapelekwa mkoa wa Lindi. Kila walikofika waliitwa wahamiaji, na mara nyingine wavamizi. Na mama aliyeondoka Hanang aliacha nyuma zaidi ya malisho. Akipigwa usiku huko ugenini, atawaita akina mama gani waje kumhukumu mumewe?

Utasema, ipo sheria ya nchi. Ni kweli. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kumpiga mwenzake. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Na mwaka 2019 mahakama hiyo hiyo ilikubaliana na Mahakama Kuu kwamba si haki binti kuolewa na umri wa miaka 15, au hata 14, wakati mvulana anasubiri 18. Hizo ni hatua kubwa. Lakini sheria iliyoko makao makuu ya wilaya ni mwendo mrefu kwa mtu asiye na nauli.

NAFCO leo haipo tena. Akina mama wapo. Ndiyo maana nawaambia viongozi wa dini, kuanzia Mbulu hadi Katesh, wanaohubiri amani ya nyumba: mahubiri ni mema, ila mkimaliza kuwauliza wanandoa kama wanapendana, waulizeni pia kama mama ana ng'ombe, ana shamba, na ana mahali pa kushtaki. Wabarabaig walijua kwamba heshima ya mke haikai hewani. Ina miguu minne, na lazima ipate pa kulisha.