Uso Mmoja, Nyumba Thelathini: Royal Crescent ya Mji wa Bath

Katika mji wa Bath, magharibi ya Uingereza, ipo safu ya nyumba thelathini iliyopindwa mfano wa hilali, nayo yaitwa Royal Crescent. Ilijengwa baina ya mwaka 1767 na 1774, katika zama za wafalme wanne waliofuatana kwa jina la George (1714–1830), na mtindo wa majengo ya wakati ule umepewa jina lao. Nyumba za katikati, ya 15 na ya 16, leo ni hoteli. Mpita njia aweza kuipita asiitambue. Alama yake kubwa ni nguzo zilizosimamishwa mbili mbili, nazo ziliwekwa kuonyesha kitovu cha safu, wala si kutangaza malazi.

Aliyebuni jengo hilo ni John Wood mdogo, ambaye baba yake, aliyefariki mwaka 1754, alikuwa msanifu wa jina lile lile. Wood hakujenga nyumba thelathini. Alibuni uso mmoja wa mawe ya chokaa, wenye urefu wa meta 150 hivi. Ghorofa ya chini haina pambo. Juu yake zasimama nguzo 114 za namna ya Kigiriki, kila moja ikipita ghorofa mbili. Kila mnunuzi alitwaa kipande chake cha uso huo, kisha akamtafuta mjenzi wake mwenyewe amjengee nyumba nyuma yake kama apendavyo. Ndiyo sababu mbele pana mstari mmoja usiokatika, ilhali uani paa zapishana kimo na madirisha hayalingani.

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Katika safu hii ndani palikuwa pa mwenye nyumba, bali mlango na ukuta wa mbele ulikuwa kama amana ya wote.

Amana hiyo imejaribiwa mara kadhaa. Mwezi wa Aprili 1942 mabomu ya Wajerumani yaliunguza nyumba ya 2 na ya 17, hata ndani yake pakateketea. Zilipojengwa upya, uso ulirudishwa kama ulivyokuwa. Hoteli nayo ilileta jaribio la namna nyingine. Nyumba ya karne ya 18 ilikuwa na kumbi za wageni juu na jiko la watumishi chini ya ardhi. Hoteli yahitaji vyumba vingi na huduma nyingi. Haja hiyo ilitimizwa kwa kuunganisha nyumba mbili na kutumia majengo ya bustanini, upande wa uani, ambako tangu asili kila mtu alikuwa na uhuru wake.

Jaribio gumu kuliko yote lilikuwa dogo kwa sura. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwenye nyumba ya 22 alipaka mlango wake rangi ya manjano, hali milango ya safu kwa desturi ni myeupe. Baraza la mji likaamuru ubadilishwe. Mwenyewe akakata rufani, na waziri akampa haki. Basi moto wa vita haukuacha alama katika uso ule, wala hoteli haikuuvunja. Kopo moja la rangi ndilo lililodhihirisha kwamba swali la mwenye uso huo halikupata kujibiwa tangu siku za Wood.