Valerie Adams, mrusha tufe aliyekosa jina kwenye orodha



Mwezi uliopita dada mmoja wa kikundi chetu alikwenda ubaoni kuangalia jina lake kwenye orodha ya watakaofanya mtihani. Alisoma juu mpaka chini, akarudia, hakuliona. Na fomu alikuwa amejaza, sisi wenyewe tulimsindikiza siku ile. Alirudi nyumbani bila kusema neno. Jioni tukakaa naye nje, na kwa kukosa la kumwambia, mmoja wetu akaanza stori ya mwanamke wa New Zealand anayeitwa Valerie Adams. Tumeona tuiandike hapa, isibaki kwetu tu.

Kwanza mchezo wenyewe, maana wengi wetu tunajua mpira na mbio tu. Tufe ni dude la chuma, la mviringo. La wanawake lina uzito wa kilo 4, yaani kama pakiti mbili za unga za kilo mbili mbili. Mrushaji anasimama ndani ya duara yenye upana wa mita 2 na sentimita 13 na nusu. Analibana tufe shingoni, chini ya taya, anajikunja, anakwenda kwa nguvu ndani ya ile duara, halafu analisukuma kwa mkono mmoja. Akikanyaga nje kwa mbele, mrusho haupimwi. Kazi ya miaka minne inaweza kuisha kwa sekunde chache.

Wanawake waliruhusiwa kurusha tufe kwenye Olimpiki mwaka 1948, London. Aliyeshinda alikuwa Mfaransa Micheline Ostermeyer, ambaye pia alikuwa mpiga piano wa kweli kweli. Alirusha mita 13.75. Mwaka 1987 Natalya Lisovskaya wa Urusi ya Kisovieti alifika mita 22.63, na hiyo rekodi mpaka leo haijavunjwa. Lakini katikati hapo iliingia sumu: madawa ya kuongeza misuli. Ujerumani Mashariki, serikali yenyewe iliwapa wanamichezo wake, wengine wakiwa wasichana wadogo wasiojua wanameza nini. Tukumbuke hilo, maana litarudi.

Valerie alizaliwa Oktoba 1984 katika mji wa Rotorua. Baba yake alikuwa Mwingereza. Mama yake, Lilika, alitoka visiwa vya Tonga, akahamia New Zealand. Valerie alikua upande wa kusini wa jiji la Auckland, ambako familia nyingi zimetoka visiwani kama mama yake. Alirefuka sana, mpaka mita 1.93. Akiwa bado mwanafunzi alikutana na kocha Kirsten Hellier, aliyewahi kuwa mrusha mkuki, wakaanza kazi.

Mwaka 2000 mama alifariki kwa kansa. Valerie alikuwa na miaka 15. Wengi wetu hapa tunajua umri huo bila mama ukoje, hatuna haja ya kueleza. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia wa vijana chini ya miaka 18. Mwaka 2002 akawa bingwa wa dunia wa chini ya miaka 20.

Baada ya hapo, jamani, si mchezo. Osaka 2007, bingwa wa dunia. Beijing 2008, dhahabu ya Olimpiki kwa mita 20.56. Berlin 2009, bingwa tena. Mwaka 2010 aliachana na kocha wake wa siku zote, akaenda mpaka Uswisi kufundishwa na Jean-Pierre Egger. Daegu 2011 akarusha mita 21.24, mrusho mrefu kuliko yote ya maisha yake.

Halafu ikaja London 2012. Hapa ndipo dada yetu alipoinua kichwa.

Kabla ya siku ya kurusha, orodha ya washindani ilitoka. Jina la bingwa wa Olimpiki halimo! Viongozi wa timu yake hawakuwa wamelithibitisha inavyotakiwa. Yeye hakukosea kitu. Ikabidi watu wakimbizane mpaka jina likarudishwa, na viongozi wakamwomba radhi. Lakini fikiria usingizi wa mtu aliyejiandaa miaka minne, halafu anaambiwa hayumo.

Tarehe 6 Agosti aliingia uwanjani, akarusha mita 20.70. Nadzeya Ostapchuk wa Belarusi akarusha mita 21.36, akachukua dhahabu. Valerie alisimama pale jukwaani na fedha yake, akisikiliza wimbo wa taifa la mwenzake.

Wiki moja baadaye, michezo ikiwa imeshafungwa, majibu ya vipimo yakatangazwa. Ostapchuk alikutwa na madawa, akanyang'anywa medali. Dhahabu ikawa ya Valerie. Mwezi Septemba alivishwa huko kwao Auckland na Gavana Mkuu wa nchi, mbele ya watu wake, bendera ikapandishwa. Haki ilifika, ila ilifika kwa kuchelewa. Ile dakika ya kusimama juu London, mbele ya uwanja mzima, hakuna aliyeweza kumrudishia.

Hakukaa akinung'unika. Mwaka 2013, Moscow, alichukua ubingwa wa dunia wa nne mfululizo. Tangu Agosti 2010 mpaka katikati ya 2015 alishinda mashindano 56 bila kupoteza hata moja. Rio 2016 Mmarekani Michelle Carter alimpita kwa mrusho wa mwisho, mita 20.63 kwa 20.42. Safari hii alipitwa kihalali, akakubali fedha yake. Kisha akazaa watoto wawili, akarudi uwanjani. Tokyo, Agosti 2021, akiwa na miaka 36, akapata shaba kwa mita 19.62, akaonyesha picha ya watoto wake. Wa nne alikuwa Auriole Dongmo, mzaliwa wa Kameruni anayeirushia Ureno. Waliachana kwa sentimita 5 tu. Mwezi huo huo Lisa, mdogo wake Valerie aliyekuwa akifundishwa naye, alishinda dhahabu ya tufe kwenye Paralimpiki. Machi 2022 Valerie akastaafu.

Tulipomaliza, dada yetu akauliza swali moja: "Sasa huyo alikuwa na watu wa kukimbia. Mimi nani atanikimbilia?"

Tulinyamaza. Ni kweli. Valerie alikuwa na timu, wanasheria, nchi nzima nyuma yake. Mtu wa kambini akikosa jina, mara nyingi anaambiwa arudi wiki ijayo. Hatuwezi kumdanganya kwamba ukiwa na bidii tu mambo yatakaa sawa. Valerie alikuwa na bidii, na bado jina lilikosekana. Lililomwokoa ni kwamba kuna watu waliliona kosa mapema, wakalifuatilia siku hiyo hiyo.

Basi hilo ndilo tulilolichukua. Sasa kila orodha inapobandikwa, wawili kati yetu wanakwenda ubaoni asubuhi hiyo hiyo. Anayejaza fomu tunamwandikia kwenye daftari tarehe na nani aliipokea. Jina likikosekana, haendi peke yake kuuliza. Kwa wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma: mkituona tumekuja watatu na daftari, si fujo. Tunakimbilia jina la mwenzetu.

La dada yetu bado halijarudi. Tumeshakwenda mara mbili. Jumatatu tunakwenda tena.