Ajali za majini: Wachunguzi husaka chanzo, si wa kulaumiwa

CHOMBO kinapozama, swali la kwanza linaloulizwa nchi kavu ni nani alaumiwe. Mchunguzi wa ajali za majini huanzia kwingine. Hutaka kujua ni kwa nini hatari iliyojulikana iliachwa iendelee hadi siku ya mkasa.

Mfano unaofunza zaidi ni wa feri ya Uingereza, Herald of Free Enterprise. Jioni ya Machi 6, 1987, iliondoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, ikiwa na abiria zaidi ya 450 pamoja na magari, huku milango yake ya omo ikiwa wazi. Ilipoongeza kasi, maji yalivamia sitaha ya magari. Maji yakiwa ndani ya sitaha pana isiyo na kuta huwa kama shehena isiyofungwa: chombo kikiinama kidogo, nayo humiminikia upande huo huo na kukiinamisha zaidi. Muda wa dakika moja na nusu hivi ulitosha feri kulala ubavu. Watu 193 walifariki.

Baharia aliyepaswa kufunga milango alikuwa amelala chumbani mwake. Lau uchunguzi ungekomea kwake, angepatikana wa kuadhibiwa na feri nyingine zingeendelea kusafiri vivyo hivyo. Jopo lililoongozwa na Jaji Sheen lilichimba zaidi. Lilibaini kuwa nahodha hakuweza kuiona milango kutoka kwenye usukani, na alichukulia kuwa imefungwa kwa kuwa hakuna aliyemweleza vinginevyo. Ombi la kuwekewa taa za kuonyesha hali ya milango lilikuwa limetolewa awali na wasimamizi wakalipuuza. Isitoshe, mwaka 1983 feri nyingine ya kampuni hiyo hiyo ilikuwa imesafiri milango ikiwa wazi, kwa sababu hiyo hiyo ya usingizi, ikafika salama. Mkasa wa 1987 ulipaswa kuzuiwa hapo.

Mageuzi yalifuata. Taa na kamera za kuchunga milango zikawa sharti, na mwaka 1989 Uingereza ikaunda kitengo maalumu cha kuchunguza ajali za majini, ambacho kazi yake si kuamua lawama wala fidia. Sababu ni nyepesi: baharia anayeogopa jela hafunguki. Tangu 1998, kanuni za kimataifa zinadai kila kampuni ya meli za abiria iwe na afisa nchi kavu anayeweza kufikisha malalamiko ya mabaharia moja kwa moja kwa wakuu. Kuanzia Januari 2010, uchunguzi wa usalama ni lazima meli inapopotea kabisa au mtu anapofariki.

Hata hivyo, kanuni hizo zililenga hasa meli za safari za kimataifa. Feri za ndani, mashua za uvuvi na majahazi hutegemea sheria za kila nchi, na huko ndiko misiba mingi ya Afrika Mashariki ilikotokea.

Feri ya Mtongwe, Mombasa, ilipinduka Aprili 29, 1994, mita chache tu kutoka ufuoni, na kuua watu 272. Ilikuwa na uwezo wa kubeba 300 lakini ilipakia takriban 400. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza Mei 21, 1996, nayo ikiwa imejaza kupita kiasi. Septemba 20, 2018, MV Nyerere, iliyoruhusiwa kubeba watu 101, ilipinduka ikikaribia gati la kisiwa cha Ukara na kuua watu 228.

Abiria ni shehena inayotembea. Chombo kinapokaribia gati kila mtu huinuka kuelekea pa kushukia, na uzito wote huhamia upande mmoja. Hilo si fumbo kwa mchunguzi. Anachotafuta ni nani pale langoni aliyehesabu watu, na kama alikuwa na mamlaka ya kuzuia safari. Katika mkasa wa Ukara, iliripotiwa kuwa mkatishaji tiketi alifariki na mashine yake ikapotea majini, hivyo idadi kamili ya waliopanda haikuweza kujulikana.