Filamu za mapenzi za Krismasi
Vichekesho vya mahaba ambavyo mwisho wake hujulikana mapema: mara nyingi binti wa mjini hufika mahali pageni, hugombana na kijana, theluji huanguka, wanapendana. Love Actually (2003) na A Christmas Prince (2017) ni mifano mashuhuri. Utamu umo humohumo: mtazamaji hangoji kujua kama watapatana, bali watapatanaje.

Katika vibanda umiza, yaani kumbi ndogo za video za Tanzania, filamu za kigeni mara nyingi huja na sauti ya mtafsiri; Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, alisimulia hata Titanic kwa Kiswahili. Lakini kwetu, Geita na Shinyanga, Desemba si theluji bali ni mvua na matope. Mchimbaji anayerudi Kahama kutoka mashimo ya dhahabu, mfukoni akiwa na nauli tu, naye anastahili filamu yake. Watayarishaji wetu waitengeneze.