Umuravumba: Mmea na Safari ya Majina Yake

Umuravumba ni kichaka chenye harufu kali, jamaa ya mrehani, kivumbasi na salvia ya Wazungu. Kwa jina hilo hujulikana Rwanda na kwa wasemaji wa Kinyarwanda wa Rutshuru na Masisi. Waganga wa jadi hutumia majani yake kwa homa, kikohozi, kuhara, maumivu ya meno na minyoo.

Wanabotania walianza kuuandika kutokana na mimea ya Afrika ya Kusini. Mwaka 1910 Mwingereza N. E. Brown aliuweka katika jenasi aliyoiita Iboza, neno alilolitwaa katika Kizulu. Basi kwa miaka 70 na zaidi neno la Kibantu lilisomwa katika vitabu vya sayansi. Mwaka 1983 Codd aliiunganisha Iboza na Tetradenia, jenasi iliyoandikwa na Bentham mwaka 1830 kutokana na mimea ya Madagaska. Kanuni ya wanabotania humpa haki aliyetangulia kuandika. Wazulu, waliotangulia kutaja, hawamo katika hesabu hiyo. Sisemi kwamba ni dhuluma. Lakini mwanafunzi anayesoma ripoti za zamani aweza kudhani kwamba Iboza riparia na Tetradenia riparia ni mimea miwili.

Mwaka 1986 Luc Van Puyvelde na wenzake, walioutafiti umuravumba wa Rwanda, walitangaza kiini kimoja cha majani yake, aina ya diterpeni, kinachozuia bakteria na kuvu kadhaa katika maabara. Hata hivyo bakteria ndani ya kioo si mgonjwa kitandani, wala si kimelea cha malaria.

Hapa ndipo mwanaisimu anapohusika. Mganga husema umuriro, yaani moto, akimaanisha homa yoyote. Mkusanyaji akiandika kwa Kifaransa aweza kuweka malaria. Husema inzoka, neno linalobeba nyoka, minyoo na maradhi mengi ya tumbo. Mkusanyaji huyo akachagua minyoo peke yake. Kosa hili si la kamusi tu. Mtoto mwenye malaria kali akinyweshwa maji ya majani haya kwa kutegemea orodha ya namna hiyo, siku mbili za kuchelewa hospitali zaweza kumuua.

Kwa hiyo tunawaomba wanafunzi wanaokusanya majina ya dawa Kivu waandike kwanza maneno ya mganga kama alivyoyatamka, kisha dalili za mgonjwa, na tafsiri ije mwisho. Tena waambatanishe tawi lililokaushwa, ili atakayefuata autambue mmea hata kama wanabotania watakuwa wameubadilisha jina tena.